Urejelezaji wa Kitanda na Godoro: Neno Moja, Maana Tatu

Wakuza istilahi wamezoea kulaumiwa kwa kubuni maneno mengi mno. Katika makala haya twakusudia kuhakiki kosa lililo kinyume chake, yaani neno moja kubebeshwa maana zisizolingana. Neno lenyewe ni urejelezaji, nasi tutalipima kwa vitu viwili vinavyojulikana na kila msomaji: kitanda na godoro.

Mtengenezaji asemapo kwamba godoro lake larejelezeka, aweza kukusudia kwamba litasafishwa na kutumiwa tena kama lilivyo. Au kwamba litafumuliwa, kilichochakaa kitolewe na kizima kirudishwe. Au kwamba litakatwakatwa na malighafi yake kutiwa katika bidhaa nyingine. La kwanza lahifadhi kitu kizima, la pili lahifadhi sehemu zake, na la tatu lahifadhi malighafi tu. Ahadi isiyo na mpaka haidaiki.

Hili si shauri la wanaisimu peke yao. Mwaka 2013 jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria ya kukusanya na kuchakata magodoro yaliyotumika, na mnunuzi wa godoro jipya hutozwa ada kwa kazi hiyo. Nchini Uholanzi, tangu mwaka 2022, watengenezaji na waagizaji wamebebeshwa wajibu wa magodoro yaliyokwisha kazi. Sheria za namna hii zikifasiriwa au kutungwa kwa Kiswahili, jina tutakaloupa wajibu ndilo litakaloonyesha ukubwa wake.

Na tulitazame godoro la springi. Ndani yake mna chuma, kitambaa, sponji ya poliurethani na, mara nyingi, gundi. Chuma huyeyushwa kikawa chuma tena. Sponji hiyo, kwa kawaida, haiyeyushwi ikaumbwa upya. Hukatwa vipande vidogo vikagandishwa pamoja na kuwa tandiko la chini ya zulia. Gundi nayo ikishika kila tabaka, sehemu hazitengani ila kwa kupasuliwa. Ni dhahiri, basi, kwamba hatima ya godoro huamuliwa mezani pa msanifu kabla halijalaliwa hata usiku mmoja. Kampuni ya Auping ya Uholanzi, kwa kushirikiana na DSM-Niaga, ilitoa mwaka 2020 godoro la chuma na poliesta, lililounganishwa kwa gundi inayoweza kuachia. Kilichosanifiwa hapo ni kuachana kwa sehemu. Jambo hilo lastahili jina lake lenyewe.

Jina hilo halihitaji kutafutwa mbali. Kitanda cha kamba cha pwani kina matendegu, mifumbati na vitakizo vilivyochomekana. Kamba ikilegea hukazwa. Ikikatika, kitanda huwambwa upya na mbao zikabaki zile zile. Godoro la sufi hufumuliwa mshono, sufi ikachambuliwa na kuanikwa, kisha likashonwa tena. Mafundi hawa hawakungoja istilahi. Walikuwa na vitenzi vyao, kukongoa, kufumua na kuwamba, na kila kimoja kina kazi yake.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Utumiaji tena uwe kwa kitu kinachobaki na umbo na kazi yake. Uchakataji upya uwe kwa kitu kinachovunjwa ili kupata malighafi. Wenye kuchakata mkonge wanajua kwamba jani haliwi jani tena, bali huwa nyuzi. Ufumulikaji uwe sifa ya kitu kilichoundwa ili sehemu zake zitengane bila kuharibika. Urejelezaji waweza kubaki kama jina la jumla, lakini usitumike peke yake katika mkataba, sheria au lebo.

Huenda wengine wakapinga kwamba kufumua ni kwa mshono, nywele na ukili, si kwa chuma wala gundi. Pingamizi hili lina uzito, lakini kiini cha kitenzi hiki ni kuirudisha nyuma kazi ya kuunga, kinyume cha kupasua. Maana hiyo ndiyo tunayoihitaji, na kupanuliwa kwake hakuivunji. Wengine watasema kwamba tofauti hizi ni za kupita kiasi. La hasha! Godoro lililoingia kunguni au unyevu halifai kupewa mlalaji mwingine kama lilivyo, lakini chuma chake bado ni kizuri. Asiyetofautisha maneno ama atalitupa lote, ama atalitumia lote.

Chukua mfano wa shule ya bweni inayotangaza zabuni. Ikidai magodoro "yanayorejelezeka", kila muuzaji atajibu ndiyo. Ikidai magodoro yanayofumulika kwa zana za kawaida, yenye mfuko unaovulika na sponji isiyogandishwa kwa gundi, mhasibu aweza kulikagua moja kwa macho yake kabla ya kulipa. Istilahi inayomwezesha kufanya hivyo imetimiza kazi yake.