Udongo kwanza: jinsi msitu wa Flight 93 ulivyooteshwa juu ya mgodi

Picha nyingi za kumbukumbu ya Shanksville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, huonyesha ukuta wa marumaru nyeupe wenye majina 40. Ni ya abiria 33 na wafanyakazi 7 wa ndege ya United Airlines, safari namba 93, iliyoanguka hapo Septemba 11, 2001, baada ya waliokuwamo kujaribu kuwapokonya watekaji wa al-Qaeda usukani. Ukuta ni mzuri, sikatai. Lakini kazi ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili zaidi, ilifanyika chini ya ardhi, na hakuna mgeni anayeipiga picha.

Mahali pale palikuwa mgodi wa makaa ya mawe, wa aina ile ya kukwangua ardhi kuanzia juu. Tangu 1977 sheria ya Marekani inamtaka mchimbaji airudishe ardhi: afukie shimo, asawazishe, aoteshe kitu cha kuzuia mmomonyoko. Makampuni mengi ya ukanda ule yalitii kwa njia ya mkato. Matingatinga yalipita na kurudi juu ya kifusi mpaka kikashindiliwa kama barabara, kisha mbegu za nyasi zinazoota upesi zikamwagwa juu. Ukitazama kwa mbali, utasema ardhi imepona. Panda mti hapo uone. Mzizi unagonga chini na kuanza kutambaa pembeni, maji ya mvua yanatuama, nyasi zinaunyima mche mwanga, na panya waliojificha humo wanatafuna gome. Mche unadumaa miaka nenda miaka rudi.

Sasa fikiria mchoro wa kumbukumbu ulioshinda shindano mwaka 2005, kati ya michoro zaidi ya 1,000. Msanifu majengo Paul Murdoch, akishirikiana na wasanifu mandhari wa Nelson Byrd Woltz, aliliegemeza karibu jambo zima kwenye miti: vijisitu 40 vya kuzunguka bonde, kila kimoja na miti 40. Kwenye karatasi ni hesabu nyepesi. Kwenye kifusi kile, kupanda tu bila kugusa udongo kungekuwa sawa na kuagiza miti ije kufa.

Dawa ilikuwapo, nayo ilitoka kwa wataalamu wa misitu wa milima ya Appalachia waliohangaika na migodi ya zamani kwa miaka mingi. Wanafanya kinyume kabisa cha kusawazisha. Tingatinga linavuta jino la chuma lililozama karibu mita moja na kuipasua ardhi mstari baada ya mstari, mara nyingi likirudi tena kuikata mistari hiyo kwa upande wa pili. Uso unabaki mabonge na mawe, mbaya wa kutazama. Mkaguzi aliyezoea uwanja laini angeukataa. Lakini hewa inaingia, maji yanashuka, mizizi inapata pa kupita. Nyasi sugu zinadhibitiwa, halafu miche inapandwa kwa mchanganyiko: ile ya kutangulia, inayoleta kivuli na kualika ndege, pamoja na ile ya kudumu kama mialoni. Hapo Shanksville, kuanzia 2012 watu wa kujitolea walikuwa wakikusanyika majira ya kuchipua, na miche waliyoipanda imepita 100,000.

Miche hiyo si pambo la pembeni. Uwanda ule uko juu, hauna kizuizi, na upepo wake ni mkali. Miti ya vijisitu 40 ingesimama peke yake isingefika mbali, kwa hiyo msitu wa nyuma ulipangwa uwe kinga ya upepo. Mti wa heshima unalindwa na mti usio na jina. Msanifu asiyejua misitu angemaliza fedha kwenye miti mikubwa ya mbele.

Maji nayo yalikuwa na deni la mgodi. Mawe yanayoandamana na makaa yakikutana na hewa na mvua hutoa tindikali na chuma, ndiyo maana mabwawa ya kusafishia maji yalikuwapo kabla ya kumbukumbu. Wabunifu hawakuona haya kuyaonyesha maji hayo: njia ya wageni ikapitishwa kwa daraja juu ya ardhioevu.

Haya yote yalihitaji nafasi, nayo ilikuwapo: eneo zima ni kama ekari 2,200. Nairobi, ambako al-Qaeda hiyohiyo iliua zaidi ya watu 200 Agosti 7, 1998, bustani ya kumbukumbu ilibidi itoshe kwenye kiwanja cha ubalozi wa Marekani uliolipuliwa, katikati ya magari. Huko huwezi kumwambia mtu asubiri msitu.

Ugomvi mkubwa wa hadharani haukuhusu udongo. Safu ya miti kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa upinde, wakosoaji wakaona hilali ya Kiislamu. Wabunifu wakaongeza miti hadi upinde ukawa duara. Hawakupoteza kitu, maana mstari ule ulikuwa unafuata umbo la bonde.

Ndege ilipogonga hapakujengwa chochote. Limewekwa jiwe moja kubwa, na ni familia tu zinazoruhusiwa kulifikia, kwa kuwa mabaki ya wapendwa wao yamo humo. Wengine husimama kwenye ukuta mfupi mweusi.

Kinachonisumbua ni tarakimu. Mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa hapo mwaka 2018 una urefu wa futi 93 na mabomba 40 yanayolia kwa upepo. Vijisitu ni 40, miti 40. Bomba halifi, lakini mti unakufa, na kijisitu kikipoteza mmoja hesabu imevunjika, lazima mwingine uletwe na kumwagiliwa miaka kadhaa. Kwenye msitu wa nyuma pengo huzibwa na mbegu ya jirani. Ningekuwa mwenye bajeti, ningetaka kujua mapema gharama ya kulinda hesabu hiyo kwa miaka 50, kisha ndipo nisaini mchoro.