Vita vya Mtu Mmoja: Mwongoza Mchezo Mbele ya Meza Tupu

Wahenga walisema kwamba vita havina macho. Upo, hata hivyo, uwanja mmoja wa vita ulio na macho kupita kiasi, nao ni meza ya yule aongozaye mchezo wa masimulizi, anapoketi peke yake kabla wenzake hawajafika na kupigana kwa mikono yake yote miwili. Mkono wa kuume huwatetea mashujaa, wa kushoto huwashika maadui, na kichwa kimoja hutoa shauri kwa pande zote mbili. Kazi hii kwa kawaida hutajwa kama hesabu tu, mfano wa fundi apimaye mbao kabla ya kukata. Yafaa itazamwe pia kama utunzi, maana ndani yake mna swali kongwe la fasihi: je, mtungaji aweza kuwatendea haki watu ambao hatima yao i mkononi mwake?

Mchezo wenyewe ulichapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji humsemea mhusika mmoja. Mwongoza mchezo huusemea ulimwengu wote uliobaki. Na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu yenye pande 20. Nasaba yake ya mbali ni mchezo wa vita wa maofisa wa Prussia, ambao kanuni zake Reisswitz mdogo alizitoa mwaka 1824. Humo walikuwamo watu wa namna tatu: wa upande huu, wa upande ule, na mwamuzi kati yao. Maofisa hawakuona ila kile ambacho mwamuzi aliwaruhusu waone. Ujinga wa kila upande ndio uliokuwa roho ya mchezo. Mwongoza mchezo ajizoezaye peke yake huwakusanya watu hao watatu katika kiti kimoja, na kitu cha kwanza kipoteacho ni ujinga huo.

Mfano mmoja watosha kulipima jambo hili. Katika kijitabu Lost Mine of Phandelver, kilichotoka mwaka 2014, vita vya kwanza ni vya kuviziwa. Njiani wamelala farasi waliokufa. Vichakani wamejificha magoblini wanne, ambao kwa Kiswahili yafaa waitwe vijizimwi. Wawili hukimbilia mbele na silaha za mkononi, wawili hubaki mbali wakipiga mishale. Kijizimwi huongeza 4 juu ya dadu yake. Mjuzi wa sihiri aliye mwanafunzi, asiyevaa deraya, akiwa na kinga ya 12, hupatikana dadu ionyeshapo 8 au zaidi, yaani nafasi 13 katika 20. Mishale miwili ikielekezwa kwake, yote miwili itampata takriban mara 42 katika 100, bila kuhesabu faida ya kujificha. Uhai wake ukiwa 8, na mishale hiyo ikiondoa 11 kwa wastani, kijana huyo huenda akaanguka kabla hajatamka neno hata moja la sihiri yake.

Hapa ndipo zoezi la upweke linapostahili sifa. Kanuni za mwaka 2014, kwa mashujaa wanne wa daraja la kwanza, huviweka vita hivi katika kundi la mauti. Kanuni mpya za mwaka 2024, ambazo zimeacha kuongeza uzito kwa ajili ya wingi wa maadui, huwahesabu vijizimwi wanne katika kundi la chini kabisa. Jedwali mbili zisiposikizana hivyo, dadu mezani ni shahidi bora kuliko zote mbili. Mtu akivipigana vita hivi mara tatu usiku mmoja, ataona kwa macho yake kwamba hatari haimo katika nguvu za kijizimwi mmoja mmoja bali katika zamu nne dhidi ya mtu mmoja. Tena ataona kwamba mzunguko wa kwanza ndio uamuao, na iliyobaki ni kuokota mishale.

Lakini mipango si matumizi. Yule mwenye vichwa viwili katika kimoja hawezi kusahau kichaka kipi kimeficha upinde. Humsogeza mjuzi wa sihiri nyuma ya gari la mizigo kwa hekima ambayo mchezaji hangekuwa nayo. Au, akijitahidi kutopendelea, humsimamisha wazi kama mjinga, na huo nao ni upendeleo uliogeuzwa nguo. Wengine hujitibu kwa kuandika nia za mashujaa kwanza, ndipo wawapange maadui. Wengine humwachia dadu uchaguzi wa shabaha. Dawa hizi zapunguza ugonjwa, ingawa haziuponyi. Kasoro iliyo mbaya zaidi ni ile ya kurudia. Shujaa akifa katika zoezi, mkono huenda kwenye dadu kumfufua, na mwenyewe husema kwamba hiyo haikuhesabiwa. Mtungaji aliyezoea kufuta mauti akiwa peke yake atapata taabu kuyaacha yasimame mbele ya watu.

Katika kijitabu chenyewe mna fungu dogo lizidilo jedwali zote kwa thamani. Husema kwamba vijizimwi wakishinda, huwaacha mashujaa wamezimia, huwapora, kisha hurudi pangoni. Na mashujaa huweza kuendelea na safari hadi mjini. Hilo ni neno la mtungaji aliyekubali kwamba huenda akashindwa kuwalinda watu wake, naye ameifanya hasara yao kuwa sura ya hadithi. Mwongoza mchezo aliyejizoeza mara kumi ili ahakikishe ushindi, asilisome fungu hilo hata mara moja, amesoma nusu ya kazi.

Zipo pia habari ambazo meza tupu haiwezi kuzileta kabisa. Kijitabu chaagiza kwamba vijizimwi watatu wakiangushwa, wa nne hukimbia. Katika zoezi la mtu mmoja kijizimwi huyo hafiki popote. Hesabu imekwisha, dadu zimerudishwa mfukoni, na karatasi imeandikwa kwamba mashujaa walishinda kwa mizunguko minne. Mbele ya wachezaji wanne ndipo mbio zake huanza kuwa na maana: mmoja hutaka kumpiga mshale mgongoni, mwingine humzuia, wa tatu amekwisha kumfunga kamba na kumwuliza njia ya pango, naye kijizimwi, mwenye mambo kadha ayajuayo, atazama uso upi wa kusadikiwa.