Fundi wa Nasaba

Mwaka 1596 maafisa wa nembo jijini London waliandaa hati ya kumpa John Shakespeare wa Stratford nembo ya ukoo. Kwa hati hiyo, yeye na mwanawe William, mtunzi wa tamthilia, wangehesabiwa miongoni mwa mabwana. Ilidaiwa humo kwamba wahenga wa John walitunukiwa na Mfalme Henry VII kwa ushujaa na utumishi wao. Madai matamu, ila ushahidi wa tuzo hiyo haujapatikana.

Hapo ndipo ufundi wa mtafiti wa nasaba unapoonekana. Yeye hababaishwi na mihuri. Huzifuata karatasi ndogondogo ambazo hakuna aliyeziandika ili ajitukuze. Mwaka 1552, kwa mfano, John alitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi katika mtaa wa Henley. Nani angebuni sifa ya namna hiyo? Faini hiyo inathibitisha kwamba kufikia mwaka huo John alikwisha kuingia mjini Stratford.

Kisha kuna mirathi. Richard Shakespeare, baba yake John na mkulima wa kijiji cha Snitterfield, alipofariki, John ndiye aliyekabidhiwa usimamizi wa mali yake, iliyothaminiwa pauni 38 na shilingi 17. Hati ni ya tarehe 10 Februari 1560, ambayo kwetu ni 1561, kwa kuwa Uingereza wakati huo mwaka mpya ulianza rasmi tarehe 25 Machi. Asiyelijua hilo atawazika watu kabla hawajafa.

Lakini utamu wenyewe umo katika hati ya ardhi ya mwaka 1550. Robert Arden wa Wilmcote anagawa mali yake ya Snitterfield, na karani, kwa kutaka tu kuutambulisha uwanja, anataja anayekaa hapo: Richard Shakespeare. Kumbe Richard alikuwa mpangaji wa Arden! Miaka sita baadaye Arden anausia shamba la Asbies liwe la Mary, binti yake kitinda mimba. Mary huyo akaja kuolewa na John, mtoto wa mpangaji. Maneno machache ya karani yanatuonyesha jinsi nyumba mbili zilivyojuana kabla ya posa, jambo ambalo nembo haikulisema kabisa.

Mwaka 1599 familia iliomba kuunganisha nembo yake na ya akina Arden. Kwenye rasimu, nembo ya Arden wa Park Hall, ukoo wenye jina kubwa, ilichorwa, ikafutwa, ikawekwa nyingine. Undugu wa Mary na watu wa Park Hall haujathibitishwa, na mtafiti mwadilifu hauchori mstari wa kuwaunganisha. Upande wa kiumeni nao huishia kwa Richard, mpangaji wa Snitterfield. Baba yake Richard hajulikani.