Lady Catherine Hakuja Usiku

Katika Pride & Prejudice ya Joe Wright (2005) kuna uamuzi mmoja nisioweza kuusamehe, wala si yule nguruwe dume anayepitishwa ndani ya nyumba, ambaye nilishaandika juu yake vya kutosha. Ni kumleta Lady Catherine kwa kina Bennet usiku, aje kumkataza Elizabeth asiolewe na Darcy, familia nzima ikiwa na nguo za kulalia.

Mnalikumbuka tukio hilo. Mlango unagongwa, mishumaa inashikwa, Judi Dench anaingia na kumkabili Elizabeth wa Keira Knightley huku ndugu wametega masikio nje ya chumba. Nimelalamika kwa miaka kwamba waongozaji wa siku hizi wanauogopa mchana. Wakitaka hisia, wanazima taa.

Jane Austen, katika riwaya ya 1813, anamleta bibi huyu asubuhi, mapema kidogo kuliko saa ya wageni. Ufundi wote umo katika huko kuwahi. Mabibi wa tabaka lile waliishi kwa ratiba: kifungua kinywa karibu saa nne, kisha ushonaji, barua na piano, kisha wageni wa kutembeleana waliokaa robo saa hivi wakaaga, kisha kubadili nguo kwa ajili ya chakula kikuu, ambacho watu wa mitindo kama wale wa jumba la Netherfield walikila saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku ikishapangwa namna hiyo, kufika mapema kidogo tu ni tusi. Wright hakuliamini tusi dogo, akalikuza mpaka likawa uvamizi.

Halafu kuna bustani. Katika nyumba ya mama na mabinti kadhaa wanaoshinda pamoja sebuleni, mwanamke mwenye neno la faragha hutoka nje. Ndiyo maana Lady Catherine anataka watembee, mtumishi wake anabaki garini, na Elizabeth anakimbilia chumbani kuchukua mwavuli wake. Mwavuli huo ni silaha. Binti asiye na mali anamkatalia bibi aliyemzidi cheo huku ametimiza kila sharti la adabu: amevaa ipasavyo, amemsindikiza mgeni, anatembea kwa mwendo wa mgeni. Hakuna mahali pa kumshika. Mvue hayo yote, umsimamishe gizani na gauni la kulalia, na kinachobaki ni msichana aliyeamshwa usingizini anayejibu kwa hasira.

Simon Langton na mwandishi Andrew Davies walilijua hilo mwaka 1995, katika tamthilia yao ya televisheni ya riwaya hiyo hiyo. Jennifer Ehle na Barbara Leigh-Hunt wako bustanini, mchana kweupe, na Ehle hahitaji kelele.

Wright naye ana sifa zake: picha ndefu isiyokatwa kwenye dansi ya Netherfield ni kazi safi, na Rosamund Pike ndiye Jane, dada yake Elizabeth, hasa.

Lakini kosa la usiku limezaa la alfajiri. Kwa kuwa Elizabeth hakulala, anatoka kwenye ukungu, na Darcy anamjia kifua wazi. Kwa Austen, Darcy anarudi kama mgeni wa kawaida pamoja na rafiki yake Bingley, wanatoka matembezi, wenzao wanabaki nyuma, na nafasi ya kusema inapatikana humo humo ndani ya ratiba. Langton aliwaacha Ehle na Colin Firth watembee tu njia ya shambani, bila ukungu wala kifua wazi, na hatukukosa kitu.