Fundi wa Edikti

Miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 204 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinayakabidhi majimbo imo elimu ya maternele, yaani shule ya awali, bega kwa bega na msingi na sekondari, alimradi kanuni za serikali kuu zifuatwe. Kwa maneno hayo machache, Bunge la Jimbo la Kivu Kusini lina mamlaka ya kumtungia edikti, yaani sheria ya jimbo, mtoto wa miaka mitatu wa Cimpunda. Nawaheshimu sana wanaojua kuyageuza mamlaka hayo kuwa kazi.

Cimpunda ni mtaa wa Kadutu mjini Bukavu, mlimani, nyumba zimebanana. Mama akishuka sokoni alfajiri, mtoto huenda naye mgongoni au hubaki na dada yake, ambaye naye angepaswa kuwa darasani. Kifungu cha 43 kinaahidi elimu ya msingi bure katika shule za serikali, na ahadi hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Maternele haikuwemo. Mtoto anasubiri miaka sita ndipo dola imtambue kama mwanafunzi.

Hapo ndipo ufundi wa kuandika edikti unapoanza, na unaanza na fasili. Sheria-mfumo ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imeiweka maternele kuwa miaka mitatu, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Mwandishi hodari huuliza mara moja: na yule wa mwaka mmoja? Afya yake iko kwa wizara hii, ulinzi wake kwa ile. Asipotajwa katika vifungu vya mwanzo, hakuna ofisi itakayomdai.

Kisha kitenzi. “Jimbo linaweza kusaidia” halimfungi mtu. “Jimbo litalipa” linamfunga. Baada ya kitenzi, jina la ofisi; baada ya ofisi, tarehe. Na kwa kuwa bajeti ya jimbo nayo ni edikti, fundi huenda kwenye tume ya fedha mapema, akiwa na hesabu ya mishahara ya walimu, kabla muswada haujafika mbele ya wabunge wote. Haki isiyo na mstari kwenye bajeti haimlipi mwalimu.

Halafu marekebisho. Kila mbunge anataka kutoa neno au kuongeza. Kama mjenzi wa ukuta wa mawe mteremkoni, fundi anajua jiwe lipi likitolewa ukuta utasimama, na lipi likitolewa utabomoka. Mengine huyaachia kwa moyo mkunjufu, hata sifa ya kuwa mwenye muswada, mradi yale ya msingi yabaki.

Kazi hii haina haraka. Kenya ilizipa kaunti shule za awali na vituo vya kulelea watoto katika Katiba ya 2010. Sheria ya taifa ya elimu ya watoto wadogo ilikuja 2021.

Februari 2025 waasi wa M23 waliteka Bukavu, na serikali ya jimbo ikauhama mji. Watoto wa Cimpunda hawakuacha kukua. Kwa hiyo uandishi usingoje amani: siku Bunge la jimbo litakapoketi tena Bukavu, likute muswada tayari, mishahara imehesabiwa, na ofisi inayowajibika imetajwa kwa jina.