Kinu au Tanuri? Uhakiki wa Istilahi za Nishati ya Nyuklia

Istilahi njema humfikisha msikilizaji kwenye jambo lenyewe. Istilahi mbaya humpoteza njia huku akidhani amefika. Katika uhakiki huu twakusudia kuzipima istilahi tatu zitumikazo kuelezea umeme utokanao na urani. Mizani yetu ni moja: je, mkulima wa Lushoto, siku atakapotakiwa maoni juu ya umeme huo, ataweza kuamua sawasawa kwa maneno tuliyompa?

Tuanze na nguvu. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki. Katika fizikia ya Kiswahili, hata hivyo, nguvu na nishati si kitu kimoja. Mitambo ya Hale, chini ya Milima ya Usambara, ilianza kazi mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21. Hicho ni kipimo cha nguvu. Uniti anazonunua mwenye nyumba wa Soni ni kipimo cha nishati. Kinachotoka katika urani ni nishati. Wenzetu wa Kenya husema kawi, nao hatuna ugomvi nao, kwani dhana ni ile ile.

La pili ni atomiki. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kisichogawanyika, ilhali nishati hii hupatikana kwa kukipasua kiini cha atomu. Isitoshe, tangu Hiroshima mwaka 1945, sikio lilisikiapo neno hilo hukumbuka bomu. Nyuklia, litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya kokwa, hutaja kiini chenyewe. Twaonelea lishike nafasi yake.

La tatu ndilo zito. Mtambo unamopasuliwa urani huitwa kinu cha nyuklia. Neno hili lina sifa: kinu hupokea punje zikavunjwa, na mtambo huu hupokea viini vikapasuliwa. Lakini mwanamke wa Mlalo ajua kwamba akiuweka mchi chini, kazi ya kinu imekoma. Mtambo wa nyuklia sivyo ulivyo. Upasukaji ukizuiwa, mabaki yaliyomo huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na lazima yapozwe. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011, mitambo iliyokuwa ikifanya kazi ilijizima tetemeko lilipotokea. Tsunami ikaharibu umeme wa kuendeshea upoozaji, na urani ikayeyuka ndani ya mitambo iliyokwisha kuzimwa. Neno kinu linaificha hatari hiyo.

Wachoma matofali wa Usambara wanalo neno lifaalo zaidi: tanuri. Wao wajua kwamba kuni zikiisha, tanuri halishikiki kwa siku kadhaa. Yupo atakayepinga kwamba katika urani hamna moto wala moshi. Ni kweli, lakini kosa hilo husahihishwa kwa sentensi moja, wala halimwondolei mtu tahadhari. Kosa la kinu humtuliza pasipostahili utulivu.

Kwa hiyo twapendekeza nishati ya nyuklia na tanuri la nyuklia. Tena twasihi istilahi hizi zipimwe vijijini kabla ya kusanifiwa, kwani atakayeishi jirani na mtambo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kulielewa jina lake.