Dijei Hupimwa Penye Mshono

Mtangazaji wa muziki akitimiza miaka ishirini au thelathini hewani, sifa za kumuagia huwa ni zile zile. Aliwahi kumhoji mwanamuziki mkubwa kutoka Kinshasa. Gavana alipiga simu kipindi kikiendelea. Umeme ulikatika, jenereta ikagoma, naye aliporudi hewani akafanya mzaha hadi watu wakasahau. Makofi yanapigwa, keki inakatwa, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali la kifundi: nyimbo zake zilikuwa zikiungwaje? Ndivyo wababaishaji wa huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, wanavyostaafu kwa heshima ya magwiji. Anayevuma ni mwenye kelele, mwenye king'ora ndani ya kompyuta na mwenye visa vingi vya kusimulia. Visa humpata yeyote aliyekaa mahali miaka mingi. Bawabu naye ana vyake. Ustadi wa dijei uko kwingine, tena ni mfupi kiasi kwamba mgeni wa redio huupita bila kujua ameupita. Uko katika zile sekunde nne au tano ambapo wimbo mmoja unatoka na mwingine unaingia.

Tuuite mshono, maana hukaguliwa kama mshono wa fundi cherehani: nguo hugeuzwa ndani nje, rangi huachiwa wapita njia. Una pande mbili, na upande wa kuingilia ndio unaohadaa wengi. Dijei anasema juu ya gita la mwanzo, anataja saa, anataja mji, kisha ananyamaza mwimbaji anapotamka neno la kwanza. Msikilizaji wa kawaida anasema huyu kapatia. Hakupatia. Mwimbaji huvuta pumzi kabla ya neno, na katika rekodi nyingi za zamani, zilizofanywa kwa maikrofoni chache na mwimbaji akiwa ameikaribia yake, pumzi hiyo imo. Nayo ni sehemu ya wimbo. Anayefunga mdomo penye neno la kwanza la Daudi Kabaka ameshaikanyaga pumzi ya Kabaka. Dijei wa kweli hufunga mapema kidogo, nusu sekunde hivi, akaliacha gita likae peke yake, ndipo mwimbaji aingie katika nyumba iliyofagiliwa. Nusu sekunde hiyo haifundishwi kwa saa. Hufundishwa kwa kuusikiliza wimbo mara hamsini kabla ya kuwapigia watu, na hapo ndipo unapomjua aliyeusikiliza na aliyeukuta tu kwenye orodha. Kwenye gita kavu sharti ni kali zaidi. George Mukabi hana utangulizi wa kuchezea. Vidole vyake vinapiga besi na sauti ya juu kwa wakati mmoja, na anayesema juu yake anamkata vidole. Kwa Abana ba Nasery ndiyo kabisa. Mlio wa chupa yao ya Fanta unakaa pale pale zinapokaa s na t za mtangazaji, hivyo neno lolote linaloangukia hapo huizima chupa kwanza kabla ya kuligusa gita. Omutibo, mtindo huu wa gita kavu, haisemewi. Huo ndio msimamo wangu, na sioni haja ya kuutetea.

Upande wa kutokea ndio uliooza zaidi siku hizi. Enzi za santuri za 45, wimbo mrefu uligawanywa mara mbili: maneno upande wa kwanza, moto wenyewe upande wa pili, yaani sebene la rumba au magita ya benga yakikimbizana. Mwenye nakala mbili aliziweka kwenye mashine mbili, akaishusha sindano ya pili ya kwanza inapofifia. Mwenye nakala moja aligeuza sahani, na kwa kazi hiyo alikuwa na sentensi moja, si mbili, yenye urefu sawasawa na mgeuzo wa mkono. Waliojifunzia kazi hapo walijua sebene liko wapi kwa sababu walilishika kwa vidole. Leo wimbo mzima umo katika faili moja, hakuna cha kugeuza, na ndipo sebene limeanza kukatwa! "Mario" wa Franco na T.P. O.K. Jazz, wa mwaka 1985, unazidi dakika kumi; huku hupigwa nne, kisha mtu akasifiwa kwamba ana ladha ya zilipendwa. Huko ni kumwalika mgeni chakula ukaondoa sahani ugali ukiwa bado unatoa mvuke. Watasema msikilizaji wa leo hana subira na matangazo ya biashara hayangoji. Subira ipo: Fred Obachi Machoka alidumu miaka mingi na kipindi cha Roga Roga cha Radio Citizen kwa kuwapa watu rumba. Na kama dakika hazitoshi, chagua wimbo mfupi. Fundi huhesabu kinyumenyume kutoka taarifa ya habari, akatafuta wimbo unaokufa wenyewe sekunde chache kabla ya saa kugonga. Anayefika penye habari akiwa na wimbo nusu mkononi hakubanwa na muda. Hakuhesabu.

Kuna pingamizi nzito zaidi. Nani, katika ngurumo za mashine ya kusaga mahindi pale Kiminini, anayesikia nusu sekunde? Nakubali kwamba hakuna anayeihesabu. Lakini kinyozi wa Bungoma ana West FM iliyo papo hapo mjini, ana Mulembe FM na Sulwe FM, ana KBC, na mpaka wa Uganda hauko mbali. Mkono wake huenda kwenye redio kabla hajajua ni nini kilichomkera. Ukimuuliza atasema wimbo haukuwa mzuri, ingawa jana aliuimba wote. Asichoweza kukitaja ndicho kilichomgusa, kama mvaa shati linalombana kwapani asivyojua kwamba kosa ni la mkono ulioshonwa nyuma mbele. Wengine hunijibu kwamba kompyuta imeshayamaliza haya. Haijamaliza. Programu ikiachwa peke yake mara nyingi hupishanisha kila wimbo na mwenzake kwa sekunde zile zile ilizoambiwa, bila kujali tofauti ya wimbo unaofifia taratibu na ule unaokoma kwa pigo moja. Ule wa pigo moja unataka kimya kidogo nyuma yake. Kimya hicho programu hukijaza, kwa kuwa ilifundishwa kwamba kimya ni hitilafu.

Walaghai nao wana alama zao. Wa kwanza ni yule anayerekodi kipindi cha usiku mchana, akaenda zake. Msikilize anavyotaja saa: haitaji. Atasema "popote ulipo na saa yoyote unayotusikiliza", na mvua ikiwa inavunja mabati Kitale nzima yeye atakusifia mbalamwezi. Wa pili hununua mseto uliokwisha kuunganishwa na dijei wa matatu, akauchomeka kwenye kompyuta, kazi yake ikabaki kupiga kelele ya jina lake kila baada ya dakika mbili. Mshono ukiwa mzuri kupindukia ilhali maneno yake hayahusiani na wimbo wowote, jua si mkono wake. Wa tatu ndiye wa king'ora. King'ora, honi na kioo kinachovunjika ni viraka. Husikika penye tundu. Hesabu ving'ora vya kipindi kimoja, utakuwa umehesabu mara ambazo hakujua atokeje.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuyafuta matukio yote. Tarehe 1 Agosti 1982 waasi wa jeshi la anga walimfuata mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani, wakamlazimisha kuitangazia nchi kwamba serikali imepinduliwa. Kisa hicho hakikukosa kusimuliwa kila alipotajwa, hadi alipofariki Februari 2025. Lakini jiulize kwa nini walimtaka yeye. Walitaka sauti ambayo nchi ilikwisha kuizoea, na mazoea hayo yalijengwa na siku za kawaida kabisa, na kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" alichokianza mwaka 1966 na kukirudia wiki baada ya wiki, wakati hakuna bunduki wala jambo la kusimulia. Tukio lilikuja kukopa kutoka kwenye akiba ya siku zisizo na tukio. Wanaompima mtangazaji kwa visa vyake wanakagua mkopo na kuisahau akiba.

Huku kwetu pana mshono mwingine ambao Nairobi haina habari nao: ule wa wimbo na kalenda. Sioyaye huimbwa asubuhi mvulana wa Kibukusu anapotoka mtoni amepakwa matope kuelekea kwenye kisu cha tohara, Agosti ya miaka shufwa. Dijei anayeichomeka Februari ili kuchangamsha tangazo la mwanasiasa amejitambulisha mwenyewe, zima redio. Hata ukiwa msimu wake, baada yake haufuati wimbo wa mapenzi. Ama litungu, zeze la Wabukusu, ama maneno machache ya heshima. Kitale ni mtihani wa aina nyingine, kwa sababu soko moja lina Mbukusu, Msabaot, Mturkana, Mpokot, Mkikuyu na Mkisii, na salamu za Nekesa hufuatwa na za Chebet kisha za Ekai. Anayejua kazi huyatamka majina yote kama aliyezaliwa jirani nayo, tena huyasoma juu ya gita la rithimu tu, kamwe si juu ya la solo. Kwa nini si juu ya la solo? Kwa sababu haifai.

Ukitaka kujaribu, panda matatu asubuhi kutoka Kitale kwenda Webuye, ukae nyuma ya dereva, usisikilize vichekesho hata kimoja. Hesabu mishono kumi. Kila pumzi iliyokanyagwa kunja kidole kimoja, kila sebene lililokatwa kunja viwili. Kabla ya kufika Misikhu utajua kama una vidole vya kutosha.